Jicho la Mama Joan

Kiwiko kilichomfunga Caren jicho kilikuwa cha mwanafunzi wa chuo aitwaye Owiti, na hakikuwa na nia mbaya. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya baa moja mjini Nakuru. Asubuhi ya siku hiyo ukumbi ulikuwa umetumika kwa mkutano wa maandalizi ya harusi, na viti vya plastiki vilikuwa bado vimepangwa ukutani vikiwa na utepe wa waridi. Bendi iliitwa Kutu ya Reli. Walikuwa wanne, wote wamevaa nyeusi, na mwimbaji wao alinguruma kama trekta lililokwama matopeni. Watu mia moja na ishirini walikuwa wamelipa kiingilio ili wamsikie akifanya hivyo.

Caren alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa mke wa mtu, mama wa msichana aliyekuwa shule ya bweni, mkulima wa majani chai karibu na Kaplong, na katibu wa kikundi cha akina mama kanisani. Alianzaje kupenda muziki wa namna hii? Hilo lina maneno yake, nayo si ya leo. Inatosha kusema kwamba kwa miaka sita hakuwa amekosa tamasha la Kutu ya Reli, liwe Nakuru, Eldoret au Nairobi, na kwamba vijana wa pale mbele walimjua na kumwita Mathe wa Chai, yaani Mama wa Chai.

Pale mbele watu hawachezi kama wanavyocheza harusini. Hufungua duara, kisha ngoma zikishika kasi hujitupa humo na kugongana mabega na vifua, kila mtu na furaha yake. Mgeni akichungulia anaweza kudhani ni vita. Lakini kuna sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mtu akianguka, anainuliwa.

Caren alipopigwa kiwiko alianguka kwa magoti. Kabla hajajua yuko wapi, mikono mitano sita ilikuwa imeshamshika na kumsimamisha. Mpiga ngoma aliona, akainua vijiti vyake juu, na muziki wote ukakatika.

"Mathe! Uko fiti?" Owiti alikuwa karibu kulia. "Woi, pole sana Mathe, sikukuona. Naapa sikukuona."

"Niko sawa. Wachana na mimi, hii ndio ngoma yangu."

"Lakini jicho inafura."

"Wacha ifure."

Wakamletea soda baridi aibane kwenye jicho. Bendi ikauanza wimbo upya tangu mwanzo kwa heshima yake, na Caren akarudi ndani ya duara akiwa na jicho moja. Kwa muda wa wimbo ule hakuwa katibu wa kitu chochote. Alikuwa na furaha tele, na hakuna mtu aliyemwuliza ni ya nini.

Arasa, mumewe, alikuwa fundi wa masweta ya shule. Kwao ni ng'ambo ya Chepilat, Kisii, lakini alihamia Kaplong akiwa kijana na mashine moja ya kufuma, akaoa, akakaa. Alikuwa mpole kiasi kwamba kuku walitagia kwenye kikapu chake cha nyuzi naye akasubiri hadi wamalize. Muziki wa mkewe aliwahi kuusikiliza mara moja, nyimbo mbili, akasema asante. Kazi yake katika jambo hilo ilikuwa kukamua ng'ombe Caren akiwa safarini, na kuwaambia watu kwamba Mama Joan ameenda semina ya ng'ombe wa maziwa.

Caren aliposhuka kwenye pikipiki usiku ule, Arasa alimwangalia usoni kwa muda.

"Nani?"

"Ni Owiti."

"Yule anasomea udaktari wa ng'ombe?"

"Huyo."

"Alisema pole?"

"Kama mara kumi."

"Haya." Arasa akaingia jikoni kuleta maji ya moto na kitambaa. "Na Kutu ya Reli walikuwa aje?"

"Baba Joan, wacha tu. Wacha tu."

Arasa akafurahi kwa niaba yake. Jumapili wakakubaliana kwamba Caren ana homa, na hakwenda kanisani. Hakuna kati yao aliyefikiria Jumatatu.

Jumatatu ni siku ya majani. Gari la kiwanda halingoji jicho la mtu lipone, na majani yaliyochumwa yakilala yanaharibika. Kwa hiyo saa tano Caren alikuwa kwenye kituo cha kuuzia majani pamoja na wenzake, gunia mbele yake, leso kichwani imevutwa chini kabisa. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ni jirani yake Bilhah, mwanamke mwenye roho nzuri na macho mazuri zaidi.

"Mama Joan, kwani jicho ni nini?"

"Ni ng'ombe. Ilinirukia na pembe."

"Yenu haina pembe."

"Ilikuwa ya huko semina."

"Na ulituambia kwa simu semina ilikuwa ya kukaa tu kwa viti mkisomewa."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walitazama ardhini, kisha mmoja akachukua gunia la Caren bila kuulizwa na kulisogeza hadi kwenye mizani. Mwingine akamwambia apime kwanza aende akapumzike. Walikuwa wakimhurumia. Caren hakuwa amehurumiwa tangu alipofiwa na baba yake, na alitamani ardhi ipasuke. Karani wa mizani, ambaye kila siku hukemea watu kwa ajili ya majani magumu, siku hiyo hakutazama hata ndani ya gunia.

Saa saba kaka yake Kimeli alifika na pikipiki. Huko kwao, msichana wao akipigwa alikoolewa, ndugu humrudisha nyumbani, na mume humfuata na watu wake kuja kujieleza. Kimeli hakuuliza ni nani aliyempiga. Alikuta Caren shambani, akamwangalia jicho, akauma meno.

"Panda."

"Kimeli, si vile unafikiria."

"Wote husema hivyo. Panda."

Caren alifungua mdomo aseme kweli. Kisha akakumbuka semina. Akakumbuka kikundi, na jinsi mchungaji mwaka uliopita alivyotumia Jumapili mbili kueleza miziki ya giza, huku yeye katibu akiandika kila neno kwenye kumbukumbu. Akaufunga mdomo, akapanda.

Arasa alilifungua duka Jumanne kama kawaida. Mwanamke mmoja alimleta mtoto kupimiwa sweta, lakini hakuvuka mlango.

"Nipe tu hiyo tepu," alisema. "Nitapima mwenyewe."

Akampima mtoto pale nje, akasoma namba kwa sauti, akarudisha tepu kwa ncha za vidole. Mwingine aliyekuwa ameacha masweta mawili ya kurekebishwa alituma mtu ayachukue hivyo hivyo, bila kurekebishwa. Mchana mzee mmoja ambaye hajawahi kumsalimia alisimama mlangoni, akacheka, akampa mkono.

"Kumbe hata nyinyi wapole mko nayo."

Hilo ndilo lililomkosesha Arasa chakula cha mchana. Huku ugenini alikuwa na kitu kimoja ambacho hakukinunua wala hakupewa na mtu, nacho ni jina zuri. Alikaa mbele ya mashine akiwaza, na Caren alipopiga simu kutoka kwao alikuwa ameshaamua.

"Wamesema mje Alhamisi," Caren alisema kwa sauti ya chini. "Mzee Kiptanui atakuwa."

"Nitakuja na Omariba. Wakiniuliza nitasema ndio."

"Ndio nini?"

"Nilikupiga."

"Baba Joan, wewe hujawahi kupiga hata kuku."

"Hiyo hawajui." Arasa alikohoa. "Sikia. Ukisema ni muziki, kanisa itakukalia mwaka mzima. Watakuombea, watakutoa kwa kikundi, Joan atasikia huko shule. Lakini hii ya kupiga bibi wanajua mahali pa kuiweka. Nitakemewa saa moja, tutakunywa chai, tutarudi nyumbani."

Caren akakubali. Alikubali haraka, na aliona aibu kwa sababu ya uharaka huo.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama mzazi wa Caren, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya. Mzee Kiptanui, ndugu ya marehemu baba, aliketi kwenye kiti chenye mto. Wazee wengine wawili waliketi kandokando yake, Kimeli alisimama mlangoni, na Kogo alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, akimimina chai. Caren aliwekwa pembeni kama ushahidi. Alikuwa amefunga sweta hadi shingoni ijapokuwa kulikuwa na joto.

Omariba, binamu ya Arasa, alikuwa mtu wa maneno na alikuwa ameshamaliza kesi nne za aina hii. Alijua utaratibu wote. Alikuwa amekuja na mbuzi, akamfunga nje kwenye nguzo ya ua mahali ambapo wazee wangemwona kupitia dirishani. Kwa heshima ya wageni kikao kilifanywa kwa Kiswahili, jambo lililowapunguzia wazee maneno.

"Arasa," Mzee Kiptanui alianza. "Mtoto wetu ako na jicho imefunga. Ni wewe?"

"Ndio, mzee."

"Na nini?"

"Mkono."

"Kwa sababu gani?"

Arasa hakuwa ameandaa sababu. Alimtazama Kogo akimimina, akasema, "Chai ilikuwa baridi."

Wazee wakatikisa vichwa. Sababu hiyo walikuwa wameshaisikia. Kimeli mlangoni akakunja ngumi, akaikunjua, kwa kuwa kikao kilikuwa kinakwenda vizuri.

Omariba akasimama. "Wazee wetu, mtu wetu amekosa. Hatukuja kubishana. Tumekuja na mbuzi, na iko hapo nje, na si mbuzi ya kukonda. Tunaomba turudishiwe mke wetu."

"Tumesikia," alisema Mzee Kiptanui, akamgeukia Arasa kwa sauti ya upole, sauti ya mzazi. "Kijana, nyumba ni nyumba. Hatukatazi mtu kurekebisha kwake. Lakini uso, hapana. Huyu ni katibu, anasimama mbele ya watu. Uso unaleta maneno. Kuna mgongo."

"Kuna mgongo," alikubali mzee wa kulia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee," alisema Arasa. "Asante."

Caren alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa asante ile. Alimwona mumewe, mtu wa kusubiri kuku, ameinamisha kichwa akishukuru kwa kufundishwa mahali pa kumpiga. Hasira ilimpanda hadi jicho likaanza kumdunda. Akasimama.

"Hakunipiga."

"Kaa chini, mama," alisema Omariba. "Tulikuwa tunamaliza."

"Hajawahi kunipiga hata siku moja. Nilikuwa Nakuru kwa muziki. Muziki ile ya kelele, ya kupiga mayowe. Hakukuwa na semina, na hata zile zingine hazikuwa. Huwa tunaingia kwa duara tunagongana, na kijana mmoja akanigonga na kiwiko, na si makosa yake. Mimi ndio nililipa kiingilio."

Alisema yote, jina la bendi, jina la ukumbi, miaka sita. Alipomaliza alikuwa anahema. Mzee Kiptanui alimtazama kwa mapenzi makubwa.

"Mtoto mzuri," alisema. "Arasa, unaona? Huyu ni mwanamke wa kujenga nyumba." Akawageukia wenzake. "Nimekaa vikao hivi miaka arobaini. Nimesikia mlango. Nimesikia ng'ombe. Nimesikia ukuni iliruka wakati wa kupasua. Lakini hii ya mama wa watu kulipa pesa aingie kwa ukumbi agongwe na watoto, hii sijawahi. Huyu amefikiria sana."

"Amejitahidi," alisema mzee wa kulia.

"Ni ukweli!" alisema Arasa.

"Wewe tumemaliza na wewe," alisema Mzee Kiptanui.

Caren aliwatazama mmoja mmoja. Kweli aliyoogopa kuisema siku tano nzima, leo ameisema, na wamempongeza kwa uongo mzuri.

"Mnataka kuona?"

Hakungoja jibu. Alifungua vifungo vya sweta, akaivua. Ndani alikuwa na fulana nyeusi, ile ile aliyobebwa nayo kutoka shambani Jumatatu, na aliyokuwa akiifua kwa siri. Alikuwa ameivaa ndani nje. Aliivua akabaki na kamisi, akaigeuza mbele ya wazee, akaivaa upya, na wote wakasoma kifuani: Kutu ya Reli. Akatoa kitambaa kichwani. Akapanua miguu kama mtu anayetaka kubeba gunia, akavuta pumzi, akanguruma.

"Reli imeoza! Gari haitakuja! Sisi tumekaa! Tunangoja nani!"

Sauti haikutoka kooni. Ilitoka mahali fulani chini ya mbavu ambapo watu wa nyumba ile hawakujua kuwa mtu ana sauti. Kichwa kilipanda na kushuka, nywele zikapepea, vikombe vikalia kwenye sahani zake. Mzee wa kushoto, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, alijimwagia chai na hakuipangusa. Nje mbuzi alikata kamba akaingia kwenye mahindi. Kimeli alimwona akienda na hakusogea. Caren hakuacha hadi ubeti ukaisha, kwa kuwa hana tabia ya kukatiza wimbo.

Kisha akakaa, akavaa sweta yake, akafunga vifungo.

Sasa waliamini. Walikuwa wameona wanawake wengi waliopigwa, na hakuna aliyejua kufanya vile.

"Kanisa itajua," alisema Kimeli.

"Itajua," alisema Caren. "Kitabu cha kikundi nitarudisha mwenyewe Jumapili."

Mzee Kiptanui akamgeukia mumewe. "Arasa. Ulikuwa unajua hii?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Na ukasema mbele ya watu umempiga. Na chai baridi."

"Ndio."

"Kwa nini?"

Arasa alitazama mikono yake. "Kwa sababu, hii ya kupiga mko na jibu yake. Hii ingine niliona mtakosa."

Ilikuwa kweli, na wazee wakabaki nayo. Walitazamana, kila mmoja akimngojea mwenzake atoe hukumu. Hapakuwa na hukumu ya kosa hilo. Mzee wa kulia alipendekeza waombe, lakini hakusema waombee nini.

Kogo ndiye aliyezungumza. Alikuwa bado kwenye kigoda chake, birika mkononi, na alisema kwa Kikipsigis, taratibu, akimtazama bintiye peke yake.

"Huyo kijana aliyekugonga. Ulipoanguka, alifanya nini?"

"Aliniinua, mama."

"Yeye?"

"Yeye na wengine. Wote. Muziki ulisimama. Ni sheria ya pale, mtu akianguka anainuliwa."

Kogo aliweka birika chini. Mkono wake wa kushoto haukunyooka sawasawa, na watoto wake walikuwa wameuona hivyo tangu walipozaliwa na kuuzoea.

"Baba yenu alinivunja huu mara mbili," alisema. "Mara ya pili nililala pale mlangoni hadi ng'ombe wakarudi. Watu walipita." Akamtazama Mzee Kiptanui. "Na wewe ulipita."

Mzee Kiptanui aliangalia kikombe chake. Caren akaanza kulia, na hakujificha.

"Amesema nini?" Omariba alimnong'oneza Arasa. Arasa, ambaye baada ya miaka kumi na sita alikuwa anaelewa kila neno, hakumjibu.

Kogo akainuka kwa kushikilia ukuta. Akachukua mfuko wa Caren uliokuwa nyuma ya mlango, akampa Arasa mkononi, yeye mwenyewe. Kisha akamgeukia Kimeli, na safari hii akatumia kile Kiswahili chake kidogo, ili wageni nao wasikie.

"Enda shika hiyo mbuzi kwa mahindi, urudishie Arasa," alisema. "Ile ya mkono wangu mlikula. Na ni mimi nilipika."